Sungusungu: upinde, mwano na mtu aliyetengwa

Mwaka 1980, mfugaji wa Kahama au Nzega aliyeamka alfajiri akakuta zizi li wazi hakuwa na la kufanya. Angeweza kupanda baiskeli mpaka kituo cha polisi wilayani, atoe taarifa, arudi jioni na vumbi lake. Angeweza kufuata nyayo za ng'ombe pamoja na wanawe na jirani wawili watatu, huku akijua kwamba walio mbele yake wana bunduki na yeye ana fimbo. Au angenyamaza. Wengi walinyamaza, na waliomjua mwizi kwa jina walinyamaza zaidi, maana mwizi huyo akikamatwa leo, kesho kutwa wangemkuta kilabuni akinywa pombe na kuuliza nani alimtaja.

Miaka miwili hivi baadaye mambo yalikuwa yamegeuka. Mfugaji huyohuyo akipiga mwano, lile yowe la hatari ambalo Msukuma na Mnyamwezi hufundishwa toka utotoni kwamba halipigwi kwa mzaha, liliitikiwa. Filimbi zililia, kijiji cha jirani kikalidaka, nacho kikalipeleka mbele. Wanaume wenye pinde na mishale ya sumu walikaa kwenye vivuko vya mito, kwenye njia za porini, kwenye kila upenyo ambao ng'ombe wangeweza kupitishwa. Ng'ombe walirudi. Mwizi naye alirudi, akiwa amefungwa kamba.

Hao ndio Sungusungu, au Basalama kama walivyojiita wenyewe, watu wa usalama. Jina lao la kwanza ni la wale wadudu weusi wakubwa wanaotembea kwa safu na kung'ata bila kuachia. Nimechagua kisa chao kwa sababu kila kinapozungumzwa kikundi cha raia wenye silaha, akili zetu hukimbilia Kongo au Marekani, ilhali hapa kwetu tuna mfano wetu, mkubwa kuliko mingi, uliozaliwa vijijini bila mfadhili wala mwanasiasa, ukaingia hadi kwenye vitabu vya sheria. Naamini pia kwamba tumeusoma vibaya. Tunautazama upinde. Nguvu ya Sungusungu haikukaa kwenye upinde.

Tuanze na ng'ombe wenyewe. Katika Unyamwezi wa kaskazini na Usukuma wa kusini, eneo ambalo mikoa ya Shinyanga na Tabora inapakana, ng'ombe ni mahari ya kijana, ni jembe la kukokotwa, ni ada ya shule na ni akiba ya mwaka wa njaa. Ukimwibia mtu ng'ombe kumi hujamwibia mali tu. Umevunja ndoa ya mwanawe mkubwa na kilimo cha msimu ujao. Katikati ya miaka ya 1970 Operesheni Vijiji ilikuwa imewahamisha watu kwa maelfu kutoka kwenye makazi yao ya kutawanyika na kuwapanga kwenye mistari ya vijiji vya ujamaa. Jirani uliyekuwa naye miaka ishirini unaweza kuwa umepelekwa kwingine, na pembeni yako sasa yupo mtu ambaye hujui baba yake ni nani. Watemi nao walikuwa wameondolewa kisheria tangu 1963. Kiti cha mtemi kilibaki wazi, na jina lake likabaki midomoni mwa watu.

Serikali haikuwa imelala. Ilijaribu, na jaribio hilo ndilo jeraha ambalo bila kulikumbuka kisa hiki hakieleweki. Mwaka 1976 vyombo vya dola viliendesha msako mkali Mwanza na Shinyanga dhidi ya mauaji na wizi wa mifugo. Watu walikamatwa kwa wingi, wakateswa, na baadhi yao wakafia mikononi mwa waliowakamata. Habari zilipofika Dar es Salaam, mawaziri wawili na wakuu wa mikoa ya Mwanza na Shinyanga walijiuzulu mwanzoni mwa 1977. Mmoja wa mawaziri hao alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, ambaye hakuwa amemgusa mtu kwa mkono wake lakini aliona wajibu ni wake. Lishike jina hilo, litarudi.

Baada ya hapo kila afisa wa polisi katika kanda ile alijua kwamba kutumia nguvu kunaweza kummaliza, na kutotumia nguvu hakummalizi mtu yeyote isipokuwa mfugaji. Kisha ikaja vita ya Kagera. Majeshi ya Amin yaliingia Oktoba 1978, Kampala ikaanguka Aprili 1979, na vita vilipokwisha bunduki hazikurudi zote ghalani. Mwizi aliyekuwa akija na rungu sasa alikuja na silaha ya moto. Maduka yalikuwa matupu, sabuni na chumvi ni za foleni, mshahara wa askari hautoshi wiki mbili. Katika hali hiyo mtuhumiwa mwenye ng'ombe wa kuuza alikuwa na sauti kituoni na hata mahakamani kuliko mlalamikaji aliyekuja na nyayo tu kama ushahidi.

Kwa hiyo watu walijipanga wenyewe, kati ya 1981 na 1982, na kwa muda mfupi sana vijiji vikaambukizana. Kasi hiyo imewashangaza wengi, lakini mtu anayewajua Wasukuma hashangai. Hawa ni watu ambao toka zamani wana vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu, vyenye viongozi, nidhamu na mashindano. Wana vikundi vya vijana vya kulima na kupura mashamba ya zamu, chini ya kiongozi wao nsumba ntale. Na wana desturi ya kumtoza faini mtu asiyetokea kwenye kazi ya pamoja. Mifupa ya Sungusungu ilikuwepo. Kilichoongezwa ni lengo jipya.

Kila kijiji kilichagua mtemi wake. Jina hilo halikuokotwa tu: lile lililofutwa na sheria mwaka 1963 lilirudi likiwa na mwenye kaptula na baiskeli, aliyechaguliwa na wenzake, asiye wa ukoo wa kitemi. Chini yake kulikuwa na katibu, kamanda na askari. Wanawake walikuwa na uongozi wao, jambo ambalo hadithi za mishale husahau kulisema. Uganga nao ulikuwemo. Viongozi walikingwa kwa dawa, watu walikula kiapo, na yupo aliyeamini kwamba risasi haitampata. Kwa mtu wa mjini hilo linaweza kuonekana kama pambo. Kwa mwanakijiji anayetakiwa kusimama gizani mbele ya bunduki akiwa na upinde, kiapo kilimpa sababu ya kutokimbia.

Sasa tuingie kwenye baraza, maana hapo ndipo kazi yenyewe ilipofanyika. Mtuhumiwa ameketishwa chini, katikati, chini ya mti. Watu wamemzunguka, wengine wamekaa juu ya pinde zao zilizolazwa, wengine wameegemea baiskeli. Katibu ana daftari la shule. Mtemi hana haraka. Swali la kwanza halihusu ng'ombe. Anaulizwa amelala wapi juzi, na nani alimwona. Akijibu, jibu lake linatupwa kwa umma: nani hapa alimwona? Hapo ndipo mwizi wa kijijini anapokwama. Hakimu wa wilayani hawezi kujua kwamba shemeji yake hana shamba upande ule, kwamba siku aliyosema alikuwa msibani hakukuwa na msiba, kwamba ng'ombe mwenye pembe iliyopinda aliyeuzwa mnadani alikunywa maji kwenye lambo la watu hawa miaka minne. Baraza lote ni shahidi, na baraza lote ni hakimu. Akikiri anatakiwa kuwataja wenzake, na waliotajwa wanaitwa nao, hata wakiwa vijiji vitatu mbali.

Utaona mara moja uzuri wa jambo hili, na hatari yake, kwa sababu ni jambo moja. Asiye na wa kumsemea katika baraza lile hana wakili, hana rufaa na hana kesho. Akikataa kukiri, maswali huweza kugeuka viboko. Na waliotajwa na mtu anayechapwa, je, wametajwa kwa ukweli au kwa maumivu?

Adhabu ya kawaida ilikuwa faini, ya fedha au ya ng'ombe, na kurudisha kilichoibiwa. Lakini silaha iliyowatisha watu kuliko mshale ilikuwa kutengwa. Mtu aliyetengwa haombi moto kwa jirani. Hakopeshwi chumvi. Salamu yake haiitikiwi. Mkewe akifika kisimani, wengine huchukua ndoo zao na kuondoka. Akifiwa anachimba kaburi peke yake. Na anayemwonea huruma, akamkaribisha hata kwa kikombe cha uji, anatozwa faini naye. Hakuna damu iliyomwagika, wala kesi ya kufungua, kwa sababu ni sheria gani inamlazimisha jirani akusalimie? Baada ya wiki chache mtu huyo ama hulipa na kuomba radhi, ama huhama usiku na familia yake.

Ndiyo maana nasema tusidanganywe na upinde. Mshale unaweza kushindana na bunduki mara moja mbili kwa bahati. Lakini mwizi wa ng'ombe haishi porini. Anahitaji wa kumpa habari ni zizi gani halina mbwa, anahitaji mahali pa kuficha mifugo mchana, anahitaji mnunuzi na mwenyeji wa kumpikia. Sungusungu hawakumshinda vitani, walimnyang'anya wenyeji wake. Walipowafunga watu wote kwa kiapo kimoja, kumhifadhi mwizi kukawa na gharama kubwa kuliko mgao wake wa nyama. Wizi ulipungua kwa kiwango ambacho hata polisi waliowachukia walikikubali.

Lakini umoja wa namna hiyo haujui kusimama kwenye ng'ombe. Kijiji kilichoapa kuondoa uovu hujiuliza uovu ni nini hasa, na katika Usukuma wa miaka ile jibu la pili baada ya wizi lilikuwa uchawi. Kati ya 1970 na 1984, watu zaidi ya 3,000 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi, wengi wao wanawake, na Usukuma ndio uliobeba sehemu kubwa kuliko kanda yoyote. Mauaji hayo hayakuanzishwa na Sungusungu. Yalikuwepo kabla yao, na mengi yalifanywa usiku na wauaji wa kukodiwa kwa panga. Ila Sungusungu walipoanza kusikiliza tuhuma za uchawi kwenye baraza, kilichokuwa mnong'ono kikapata mtemi, katibu na daftari.

Fikiria bibi wa miaka sabini. Miaka hamsini amepika ndani ya kijumba kisicho na dirisha, na kuni zilipokwisha kwenye vilima vya Shinyanga amepika kwa samadi kavu ya ng'ombe, yenye moshi mchungu kuliko mti wowote. Macho yake ni mekundu. Mtoto wa jirani anakufa kwa homa. Macho yake mekundu yanakuwa ushahidi. Huyu hana zizi, kaka zake wameshakufa, na shamba lake linapakana na la mpwa ambaye angelipenda. Umma uleule uliomkamata mwizi kwa sababu kila mtu alijua pembe ya ng'ombe, sasa unamhukumu bibi kwa kitu ambacho hakuna anayekijua lakini kila mtu anakiamini. Siwezi kuwasifu Sungusungu kwa sura ile ya kwanza nikaifunika hii. Ni watu walewale, chini ya mti uleule.

Kuna kundi jingine lililoumia. Wataturu, wafugaji wanaohamahama wa mipakani mwa kanda hiyo, walishukiwa kwa jumla, kabila zima. Mtu asiyeapa pamoja na kijiji yuko nje ya kijiji, na aliye nje ni rahisi kuwa mwizi. Biashara ya umoja ina mpaka wake, na kila mpaka una mtu aliyeachwa upande wa pili.

Serikali ilipokea habari hizi kwa mioyo miwili. Polisi na mahakama waliona uhalifu mtupu: raia wanakamata, wanahukumu, wanatoza, wengine wanaua. Viongozi wa Sungusungu walishtakiwa. Chama kiliona kingine, yaani wakulima waliojipanga wenyewe na kujilinda, kile hasa ambacho Azimio na siasa ya vijiji vilikuwa vikihubiri kwa miaka. Nyerere alikuwa upande wa kuwaacha wafanye kazi. Tusisahau mwaka wenyewe. Mwaka 1983, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, nchi nzima ilikuwa kwenye msako wa wahujumu uchumi, na sheria maalumu ilitungwa ya kuwapeleka kwenye baraza la pekee, bila dhamana na bila wakili. Serikali yenyewe ilikuwa imechoshwa na mahakama zake. Ingewezaje kumwambia mtemi wa Nzega kwamba njia yake ya mkato ni haramu?

Kisha yakatokea mambo mawili ambayo huwa hayawekwi pamoja, na mimi nadhani ni lazima yawekwe. Mwaka 1984 Haki za Binadamu ziliingizwa kwenye Katiba, zikapewa muda wa kusubiri, na kuanzia Machi 1988 mwananchi aliweza kuzidai mahakamani. Ibara ya 13(6) inasema mtu asikilizwe kwa haki na awe na rufaa, asihesabiwe mkosaji kabla ya kuthibitika, asiteswe. Mwaka uliofuata, 1989, Bunge lilirekebisha sheria za mgambo. Tangu 1975 mgambo walikuwa na uwezo wa kukamata kama askari polisi. Sasa tafsiri ya mgambo ilipanuliwa ikawajumuisha wanaojulikana kama Wasalama au Sungusungu, wakifanya kazi chini ya mwavuli wa serikali. Rais wakati huo alikuwa Ali Hassan Mwinyi.

Mtu yuleyule. Aliyejiuzulu kwa sababu dola ilitesa watu Shinyanga, ndiye aliyekuwa Ikulu wakati watu wa Shinyanga walipopewa kisheria mamlaka ya kukamatana. Sisemi hili kumlaumu. Kujiuzulu kwake kunabaki moja ya matendo ya heshima kubwa katika historia ya uongozi wetu. Nalisema kwa sababu linaonyesha somo ambalo dola ililichukua kutoka 1976. Ilijifunza kwamba kutumia nguvu kule kunaichafua. Haikujifunza kupeleka polisi waadilifu na Mahakama ya Mwanzo inayofikika kwa miguu. Ilichagua kumpa mwanakijiji kazi hiyo, bila mshahara, bila mafunzo ya maana, na lawama ikitokea ni yake.

Soma sheria hiyo kwa makini: iliwapa uwezo wa kukamata. Haikuwapa uwezo wa kuhukumu. Kisheria, Sungusungu akimkamata mtu anapaswa kumkabidhi kituoni. Lakini yote niliyoyaeleza, maswali chini ya mti, faini, kutengwa, yanatokea baada ya kukamata na kabla ya kituo, katika pengo ambalo sheria ililiacha kama lilivyo. Ukiwaambia Sungusungu wakamate tu na kumpeleka mtu polisi, umewarudisha mwaka 1980, kwa mwizi anayeachiwa keshokutwa. Wao wanalijua hilo vizuri kuliko wabunge. Basi wakaendelea na baraza, na wilaya ikaendelea kutazama pembeni mpaka mtu anapokufa.

Kuenea kwao kulifuata ng'ombe na siasa. Wasukuma waliohama na mifugo kwenda bonde la Rukwa waliwachukua Sungusungu wao huko, wakawa jeshi la jadi la wageni katikati ya wenyeji, jambo lililozaa ugomvi wa aina nyingine. Mijini, Augustine Mrema alipokuwa Waziri wa Mambo ya Ndani mwanzoni mwa miaka ya 1990, aliagiza doria za sungusungu mitaani, Dar es Salaam ikiwemo. Huko jina lilibaki na roho ikatoka. Mpangaji wa Manzese hana kiapo na mwenye nyumba wa tatu kutoka kwake, na ukimtenga ataenda kununua chumvi duka jingine. Kazi ikawa ya kulipia: kila nyumba itoe hela ya ulinzi, vijana wazunguke na virungu. Hayo ndiyo yaliyokuja kuitwa ulinzi shirikishi, na kuanzia 2006 yakaunganishwa na polisi jamii.

Tarime na Kuria ni hadithi ya peke yake. Huko uvamizi wa ng'ombe ulikuwa wa bunduki za kivita, na Wakuria wengi wamepitia jeshini. Walipoupokea utaratibu huu katika miaka ya 1990 waliuvisha mkutano wao wa jadi, iritongo, ambao una mamlaka ya wazee tayari. Mwaka 1998 Wakuria wa upande wa Kenya nao wakauchukua kutoka kwa ndugu zao wa Tanzania, na wizi ukashuka huko pia. Lakini katika nchi ya Wakisii, jirani tu, jina lilelile la Sungusungu lilikuja kumaanisha vijana wanaotoza watu fedha, wanaokodiwa kumaliza ugomvi wa mashamba, wanaoua. Oktoba 2010 serikali ya Kenya ilipotangaza vikundi 33 kuwa vya uhalifu, Sungusungu walikuwa kwenye orodha hiyo pamoja na Mungiki na Chinkororo.

Kwa hiyo ukivuka mpaka wa Sirari, neno moja linabadilika: upande mmoja limo ndani ya sheria ya mgambo, upande wa pili limo kwenye orodha ya magenge. Si kwamba Watanzania ni wema na Wakenya ni wabaya. Tazama nani anamchagua kiongozi, nani anaweza kumwondoa, na faini inaingia mfuko wa nani. Pale ambapo mtemi anachaguliwa hadharani na ng'ombe wa faini wanaandikwa kwenye daftari ambalo mtu yeyote anaweza kudai lisomwe, kikundi hubaki cha kijiji. Pale ambapo mlipaji ni mmoja na vijana wanamtii huyo, ndani ya miaka michache umeshapata genge, hata kama waanzilishi waliapa kwa moyo safi.

Na hata pale kwenye daftari safi, yupo yule bibi. Umma mzima unaweza kukubaliana na ukawa umekosea, na chini ya mti ule hakuna mlango wa kutokea. Mahakama ya Mwanzo yenye hakimu mmoja, inayofikika kwa miguu kutoka kijijini kwake, ingempa mahali pa kukimbilia kabla jua halijazama. Mwaka 1989 Bunge lilikuwa na nafasi ya kuwapa vyote viwili, wenye pinde na bibi. Liliwapa wenye pinde.